Mafuta ya Samaki ya Bosi

Bosi alilala ubavu kwenye majani makavu ya migomba, anahema kama aliyefukuzwa, na ua mzima alikuwa ameuchafua kwa kuharisha. Ikupa alikaza kanga iliyombeba Doreen mgongoni, akachuchumaa na kumshika mbwa kichwa.

"Jamani Bosi, usinifanyie hivi."

Asubuhi ile alikuwa ameona kitu ambacho hakukitaka. Baba mkwe wake, Mzee Ambilikile, alikuwa ameinama kwenye bakuli la mbwa, akatoa kitu kwenye koti, akakikamulia humo, kisha akaondoka anaangalia huku na huku. Na huyo ndiye aliyesema, mwezi uliopita Bosi alipokuwa akijikuna mpaka manyoya yanadondoka, kwamba mbwa wa namna ile asilale mlangoni kwa mjukuu wake. Asipopona, atamwita mtu aje ammalize.

Kumuuliza haikuwezekana. Kwa heshima ya nyumba ile, mkamwana na baba mkwe hawasemezani. Wakikaribia kukutana njiani, Ikupa huingia migombani mpaka mzee apite, na likiwepo neno hupelekwa na mama mkwe. Basi Ikupa akafanya alichoweza: akampigia simu Nurdin, bwana mifugo wa Kiwira, yule yule aliyemchoma Bosi sindano ya upele na kushauri vidonge vya mafuta ya samaki ili ngozi na manyoya virudi.

Nurdin alifika na pikipiki yake, matope hadi magotini. Alimfunua Bosi mdomo, akamminya tumbo, akanusa.

"Ni sumu?" Ikupa aliuliza.

"Sumu gani inayonuka dagaa? Dada, vidonge unampa vingapi?"

"Kimoja kwa siku, kama ulivyosema. Nakitoboa na sindano, nachanganya na ugali wake asubuhi."

Mama mkwe, Agness, aliyekuwa amesimama kando, alikohoa. "Na kile cha jioni."

"Cha jioni kipi, mama?"

"Si ukishakwenda kwenye darasa lako la jioni! Nikajua na masomo yale umesahau, nikawa namtilia."

Nurdin akaanza kucheka. "Vimekuwa viwili. Lakini huyu kala zaidi."

Nyuma ya ukuta wa jiko, upande ambao Ikupa asingemwona, mtu akasafisha koo. "Mama Lazaro," sauti ya Mzee Ambilikile ilimwambia mkewe, "mwambie bwana mifugo, mimi nilinunua chupa yangu Tukuyu. Nampa asubuhi. Viwili, maana huyu ni mbwa mkubwa."

"Weee!" Mama mkwe alijishika kiuno. "Wewe uliyetaka auawe? Wewe uliyesema dawa ya watu haiwi ya mbwa?"

"Nilisema asipopona. Sasa si nilikuwa namponya?"

Ikupa alikaa chini pale pale kwenye majani, akacheka huku machozi yanamtoka. Doreen naye akacheka kwa kuwa mama anacheka.

"Hatakufa," Nurdin alisema. "Mafuta yakizidi tumbo linafunguka. Acheni yote mpaka tumbo litulie, mpeni maji mengi na ndizi za kuchemsha kidogo kidogo. Mkianza tena, kimoja, na mtoaji awe mmoja. Ninyi hamzungumzi humu ndani?"

"Hatuzungumzi," mama mkwe alijibu. "Ndiyo shida yenyewe."

Siku mbwa alipoinuka mwenyewe na kwenda kujilaza mlangoni kwa Doreen, Ikupa alikuwa ndani, anamenya ndizi. Akasikia fimbo ikisimama nje. Akageuzia uso ukutani, kama inavyotakiwa.

"Bosi," mzee alisema, akimsemesha mbwa kwa sauti inayofika mpaka ndani, "dawa yako sasa atakupa mama Doreen peke yake. Chupa yangu naiacha hapa kizingitini. Umwambie ndaga fijo, ametutunzia."

Mkia wa Bosi uligonga mlango.

Ikupa aliendelea kuangalia ukuta, anatabasamu. "Bosi," akasema, "mwambie babu shukrani zake zimefika. Na Jumapili kidonge akupe yeye. Kimoja tu!"

Nje mzee akacheka, fimbo ikaanza kuondoka taratibu.