Ushahidi wa Kunde

Miguu ya Mwarandu ilianza kuvimba mwaka wa arobaini na tano, miezi minne baada ya mamake, Nyevu, kumwachisha ziwa ili ampishe mdogo wake. Mtoto wa miaka miwili, ukimbonyeza mguuni kidole kinaacha shimo! Nywele zikawa nyekundu na nyepesi, ngozi ikababuka mapajani, na hamu ya kucheza ikamwisha. Chakula pale Changamwe kilikuwa muhogo asubuhi na uji wa muhogo jioni, kwa sababu vita vilikuwa vimekausha maduka, na Ruwa, babake, kuli wa bandarini, alileta alichokipata.

Bibi Mbeyu, mamake Ruwa, hakuhitaji kuambiwa. "Hii ni chirwa," alisema. Watu wa kwao wanaijua: mzazi akitoka nje ya ndoa kisha akarudi kumshika mtoto, mtoto huvimba, hudhoofu, hufa. Na dawa haishiki mpaka mwenye kosa akiri mbele ya mganga, amtaje mwenziwe kwa jina. Ruwa alikwisha kuapa kwa Biblia kwamba si yeye. Haya, amebaki nani?

Nyevu alikataa siku tatu. Hakuwa na mtu, hajapata kuwa naye, na hata huo wasaa angeutoa wapi, mama wa watoto wawili na jembe mkononi? Lakini siku ya nne Mwarandu alikataa uji. Mbeyu akamtazama mke wa mwanawe, machozi yanamlengalenga, akasema, "Nyevu mwanangu, hiyo heshima yako ni kubwa kumshinda huyu?"

Mama gani angejibu swali hilo? Nyevu akapiga moyo konde, akaanza kutafuta mwanamume wa kumtaja. Hebu fikirieni kazi hiyo! Akamchagua Gershom, jirani aliyekwenda Burma na jeshi akafia huko, asiye na mke wala mtoto wa kuumia. Akalitamka jina lile mbele ya mganga na chungu chake cha vuo, maji ya majani ya dawa, mumewe amesimama mlangoni. Ruwa hakumpiga. Alitoka nje, na tangu siku ile akawa analala kwa mamake.

Mtoto akaogeshwa vuo siku saba. Siku ya nane uso ulikuwa umevimba hata macho hayafunguki.

Nyevu akambeba, hakumuaga mtu, mpaka zahanati. Dresa, mhudumu wa pale, aliitwa Dishon, Mkamba mfupi mwenye hasira za karibu. "Kwa nini mmekaa naye hivi?" akafoka, na kabla hajajibiwa alikuwa ameshika kazi. Alitia mkojo wa mtoto katika kichupa, akauchemsha juu ya taa ya spiriti. Ulibaki maji matupu. Kisha akavunja yai, akachanganya ute wake na maji kidogo katika kichupa kingine, akaupasha vivyo hivyo. Ukaganda, mweupe pe.

"Umeona, mama? Ute huu ni protini. Ni uzi mrefu wa shanga ndogo ndogo, na uzi umejikunja ukajifunga, kila fundo mahali pake. Moto umeyafungua mafundo, nyuzi zikashikana ovyo. Kama figo za mwanao zingekuwa zinavuja protini, mkojo wake nao ungeganda. Figo zake ni nzima."

"Sasa anaumwa na nini, bwana dresa?"

"Hapati protini. Damu ina yake, na ndiyo inayoyashika maji yasitoke mishipani. Ikipungua, maji yanapenya, yanakwenda kukaa miguuni na usoni. Nywele ni protini, nyama ni protini. Muhogo unashibisha, lakini shanga hauna. Mwili wake unajifumua wenyewe upate za kuishi."

"Kwa hivyo si mambo ya wazazi?"

"Ni mambo ya sufuria. Kunde, maziwa, dagaa, yai. Kidogo kidogo, mara nyingi. Ukimrudisha kwa muhogo mtupu, atavimba tena."

Nyevu akalia pale pale kwenye benchi, kwa furaha ya mtoto na kwa uchungu wa neno alilolisema bure.

Baada ya mwezi wa kunde uvimbe ulikuwa umekwisha na Mwarandu anawafukuza kuku. Na majirani wakasemaje? Wakasema chirwa imeondoka kwa sababu mama alikiri. Mbeyu alimshika mkono, akamshukuru kwa kusema kweli. Kumshukuru, jamani! Kila nyama iliyorudi mwilini mwa mtoto ilizidi kumtia mamake hatiani.

Jioni moja Ruwa alipokuja kuwaona watoto, Nyevu hakuvumilia tena. "Nilidanganya, Ruwa. Gershom hata mkono hajanishika. Nilitaka mtoto apone."

"Na amepona."

"Kwa kunde! Kamuulize dresa."

"Dresa ni mtu wa bara, ya chirwa atayajulia wapi?" Ruwa hakuwa anamdhihaki. Alitaka sana kumwamini. "Basi mpe muhogo mtupu, mwezi mmoja tu. Akivimba, nitajua ulijisingizia. Nitarudi nyumbani, nitakuomba radhi mbele ya watu wote."

Nyevu alimtazama mumewe, kisha mtoto. Mwezi mmoja. Angevimba, hilo alikuwa na hakika nalo, na yeye angekuwa mke wa mtu tena, mwanamke safi, kichwa juu njiani. Alimpenda Ruwa. Alitamani arudi mpaka kifua kikamuuma.

Akaivuta sufuria, akaponda kunde kwa kijiko.

"Mwarandu," akaita, "njoo ule."

Ruwa alisimama akamwangalia mtoto akifungua kinywa.

"Kumbe kweli ulikuwa na Gershom," akasema, akatoka.

Nyevu akachota kijiko cha pili.