Baridi ya Chumba cha Mama

"Baridi hii imeniingia mifupani," mama alisema alipotoka chumbani kwake kuja kula, akajikunyata mezani na sweta mbili mwilini, huku sisi wengine tumefungua vifungo vya mashati kwa joto la sebuleni.

Nje yalikuwa majira ya baridi kali. Mama alihamia kwangu baada ya baba kufariki, nikampa chumba cha mwisho wa korido, mbali na kelele za wanangu. Nyumba nzima hupashwa joto na mtambo mmoja, ila kila sehemu ina kidhibiti chake ukutani. Unachagua joto unalotaka, na vilango vya bati vilivyomo kwenye mabomba ya darini hufunguka au kufungika ili kugawa hewa. Kidhibiti cha mama kilionyesha nyuzi ishirini na nne. Nilikitazama kila nilipompelekea chai, nikiingia na kutoka upesi na joto la jikoni bado mwilini. Ishirini na nne, na mwenyewe anatetemeka.

Tukaamini anaumwa. Daktari alimpima damu na kifua, akasema haoni kitu. Badala ya kutulia, nikazidi kuogopa. Mama naye alishakata shauri. Alimwita kaka yangu akamwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza nyanya sokoni, kwamba azikwe ubavuni mwa baba na watu wasipige kelele. Kaka alitoka mle macho mekundu, akasingizia vumbi.

Fundi wa mitambo ya hewa, ambaye mtaa mzima humwita Kipupwe, alikuja kwa usafi wa kawaida tu. Alibadilisha chujio, akakagua vyumba kimoja kimoja. Alipofika cha mwisho alisimama mlangoni akisugua viganja.

"Dada, mbona mnamgandisha bibi wa watu?"

"Kidhibiti si kinasema ishirini na nne?"

Akabonyeza kitufe cha pembeni. Namba ikageuka: kumi na tatu.

"Lile ni joto mliloagiza. Hili ndilo mlilonalo. Kuagiza si kupata."

Nikakaa kitandani, kando ya mama aliyejifunika blanketi.

"Waya wa kidhibiti umekatika huo," Kipupwe akasema kwa uhakika wote. Akaupima. Waya mzima. Akajikuna kichwa, akaniambia nipandishe joto, akapanda ngazi na kufungua kifuniko cha dari. Tukasikia mota inayogeuza kilango ikinguruma.

"Inazunguka vizuri," akasema.

"Sasa tatizo nini?"

"Ndilo ninalojiuliza."

"Mwache mwenzio afikiri," mama akanikemea kutoka ndani ya blanketi. "Chungu hakichemki kwa kuulizwa."

Tukasikia akigongagonga bati. Halafu Kipupwe akacheka huko juu, kicheko cha mtu aliyemfumania mwizi. "Kumbe! Mota inazunguka peke yake! Skrubu inayoishikilia kwenye mhimili wa kilango imelegea. Mota inacheza ngoma, kilango kimelala fofofo. Hewa yake yote mnaila nyinyi sebuleni."

Akakifungua kilango kwa koleo, akakaza skrubu, kisha akaniamuru nishushe joto na kupandisha, tena na tena, mpaka akaona bati linafuata mota kila inapogeuka. Hewa ya moto ikashuka. Pazia likatikisika.

Mama akatoa mkono nje ya blanketi, akaukinga hewani, akaugeuza upande wa pili. Baadaye akavua sweta moja, na bila kutuangalia akavua na ya pili.

Nikampigia kaka simu. "Mama haumwi! Alikuwa anapigwa na baridi tu!"

Nilimsikia akivuta kamasi.

"Mwambie ile habari ya kaburi ingoje kwanza," mama akapaza sauti. "Na mniletee chakula, nina njaa."

Alikula sahani nzima, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Kipupwe alinifundisha kile kitufe cha joto halisi, akarudia mpaka nikakibonyeza bila kuelekezwa, akaondoka na ngazi yake begani.

Mchana ule ule mama alilala usingizi mzito. Nikaketi sakafuni kwenye korido, mgongo ukutani, nikimsikiliza anavyokoroma. Watoto walikuja kuuliza kama niko sawa. Niliwaambia wakae nami wasikilize.