Bawa la Shemeji Heche

Panya wa stoo ya shule walikula ngozi yote ya ile ndege, wakaacha mifupa. Mjukuu wangu Elieth aliileta nyumbani Jumapili jioni ndani ya kiroba cha mahindi, akaitoa polepole kama mtu anayetoa kifaranga mgonjwa, akaiweka juu ya meza yangu ya chakula. Vijiti vyembamba kama njiti za ufagio, vimegundishwa vikawa mabawa mawili marefu na mkia. Mbele kuna pangaboi dogo la mbao. Tumboni umepita utepe wa mpira uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli. Unalizungusha pangaboi kwa kidole mpaka mpira ujisokote, ukiachia linazunguka lenyewe na ndege inaondoka. Lakini inaondoka ikiwa imevaa. Hii ilikuwa uchi, na vipande vya karatasi vilivyotafunwa vinaning'inia pembeni.

"Kitendawili," nikamwambia, nikitaka acheke.

"Bibi, leo sina hamu."

"Sema tega."

"Haya, tega."

"Nyumba yangu imebaki mbavu tupu, wageni wamekula ukuta."

Hakucheka. "Jibu ni mimi, bibi. Ijumaa nimekwisha."

Elieth ni mwalimu wa kujitolea, anafundisha fizikia kwenye sekondari yetu hapa Matongo. Kila Jumatano baada ya masomo alikuwa anabaki na wasichana, wanajifunza mambo ya sayansi kwa mikono, na ndege hii ya vijiti ndiyo waliyokuwa wameiunda. Wazazi wakalalamika. Jumatano jioni ni ya kuchota maji na kupika, walisema, siyo ya kuchezea vijiti. Mwenyekiti wa wazazi, Mzee Wangwe, akakata shauri hivi: siku ya mkutano, Ijumaa, mwalimu aonyeshe wanachofanya. Kama ni kitu, wasichana wataendelea kubaki. Kama ni mchezo, watarudi nyumbani mapema kama wenzao. Elieth naye, kwa ujana wake, akajibu mbele ya watu wote: "Mtaona ndege ikiruka." Kumbe panya walikuwa wanasikiliza.

Na wasichana wenyewe wiki hiyo walikuwa kwenye mitihani. Tukabaki mimi na yeye.

Jumatatu nilipika uji mzito wa muhogo, gundi ambayo haijawahi kuniangusha, tukabandika magazeti. Tulianza baada ya chai, tukamaliza jua likiwa limeinama. Ilipendeza, siwezi kusema uongo. Ilikuwa na picha za wachezaji wa mpira bawa zima. Elieth akaipeleka uani, akazungusha pangaboi, akaachia. Ndege ilianguka mbele ya miguu yake kama sahani.

"Labda mpira umelegea," nikasema.

"Ni nzito, bibi. Magazeti ni mazito na uji umeongeza."

"Sasa uji wangu una kosa gani?"

"Bibi, sijasema una kosa, nimesema una uzito."

Tukala chakula cha usiku. Nilikuwa nimekasirika na sijui nimemkasirikia nani.

Kesho yake akaja shemeji yangu Heche, mdogo wa marehemu mume wangu. Heche anatengeneza litungu, kile kinanda chetu Wakurya cha nyuzi nane, na kwa kazi hiyo anajulikana mpaka ng'ambo ya Sirari. Anachonga bakuli la mti, anaweka ngozi mbichi juu yake, anaivuta, anaifunga, anaianika. Ikikauka inakaza, akiigonga kwa ukucha inalia. Isipolia anaibandua na kuanza upya. Mtu wa namna hiyo hawezi kupita mlangoni akaona kitu kinachotaka kuwambwa.

"Shikamoo, babu," Elieth akasema.

"Marahaba. Nani kamfunga kuku huyu magazeti?"

"Ni ndege, shemeji," nikasema.

"Naona ni ndege. Nauliza nani kamfunga hivi, maana amemwonea." Akaminya bawa kwa dole gumba. Karatasi ikabonyea. "Hii imelala. Kitu cha kuwamba hakilali. Bandueni."

Tukabandua. Yaani kazi yote ya Jumatatu tukailowesha kwenye beseni na kuikwangua kwa kucha, na njiti mbili zikavunjika, Elieth akazifunga kwa uzi. Kwenye simu yake alikuwa amesoma kwamba karatasi inayofaa ni ile nyembamba, laini, inayopitisha mwanga. Mimi nikakumbuka viatu. Ukinunua viatu vipya, ndani ya boksi kuna karatasi ya hivyo. Nikapanda bodaboda mpaka Nyamongo kwa Odongo muuza viatu.

"Mama, unachukua karatasi na kiatu unakiacha?" Odongo akashangaa.

"Kiatu hakiruki."

"Changu kinaruka. Kavae uone utakavyocheza kanisani."

Akanipa fungu zima bure, huku ananicheka. Hata hilo lilinikera, lakini nilishukuru.

Basi Jumatano ikawa siku ya kuwamba. Elieth alikuwa ameandaa gundi nyeupe ya seremala, ameilegeza kwa maji. Kwenye sahani nyingine nilikoroga bluu ya kufulia nguo nyeupe, ile ya unga, maana rangi ya mlango ni nzito na ni ghali. Karatasi ukiichovya kwenye maji ya bluu inatoka rangi ya anga, na haiongezi hata uzito wa nzi. Hiyo ilikuwa akili yangu, naidai.

"Tunabandika juu na chini," Elieth akaeleza, simu mkononi. "Halafu tunalowesha pande zote mbili kwa pamoja, tunalilaza bawa kwenye ubao, tunaweka vizito mpaka likauke. Likikauka karatasi itajikaza yenyewe."

"Simu hiyo imewahi kuwamba nini?" Heche akauliza.

"Babu, ni maelekezo tu."

"Mimi nimewamba tangu mama yako hajazaliwa. Lete hapa."

Akalifungua bawa la kushoto kwenye mwili wa ndege, akalichukua. Akalaza karatasi mbichi upande wa juu, akaivuta kwa vidole vyote kumi, akaifunga pembeni kwa uzi, akaivuta tena. Upande wa chini hakuugusa. Litungu lina uso mmoja, chini ni mti mtupu, na mti ule ni mnene kama kisigino. Mkono wake haukujua habari ya pande mbili. Akatoka nalo akaliegemeza ukutani kwenye jua kali.

Likakauka haraka kuliko nguo. Heche akaligonga kwa ukucha. Tang!

"Mmesikia?" akasema, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto. "Hilo limeitika."

Kweli lililia vizuri. Tukafurahi, nikamwongezea chai. Elieth ndiye alikuja kulichukua, akaliinua usawa wa jicho lake, akafumba jicho moja, akalishusha.

"Nini tena?" nikauliza.

"Limejipinda, bibi."

Nikatazama. Lile bawa lilikuwa limejisokota kama kamba inayokamuliwa maji. Ncha yake ilitazama juu, mzizi wake, pale linaposhika mwili, unatazama mbele. Karatasi ilikuwa imekaza mpaka imevuta mifupa.

"Halijapinda," Heche akasema. "Limekaza."

"Limekaza likapinda, babu! Likiruka hivi litageuka, litaanguka!"

"Usinipigie kelele, mimi siyo mwanafunzi wako."

"Shemeji, na wewe usimjibu hivyo," nikaingilia. Ikawa sasa tunapigana watatu, na ndege iko katikati imevaa bawa moja. Hasira za wazee na za vijana hazichanganyiki, zinakatika kama maziwa na ndimu. Heche akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Alhamisi tukafanya kama simu ilivyosema. Tukalowesha lile bawa, tukabandika na upande wa chini, tukalilaza kwenye ubao, mimi nikaleta matofali na jiwe la kusagia. La kulia nalo vivyo hivyo. Mkia pia. Tukaviacha ndani, kivulini, vikakauka vyenyewe bila kuharakishwa. Jioni tukaondoa matofali. Bawa lilikuwa limenyooka, siyo kama rula, lakini limenyooka. Karatasi ilikuwa laini, imetulia, ya buluu kama shuka za hospitali. Tukaifunga ndege yote, tukaiachia uani. Ikapita juu ya banda la kuku, ikapita kamba ya nguo, ikatua kwenye viazi. Elieth alikimbia kuifuata akipiga vigelegele, na mimi mguu wangu mbovu nikausahau.

Laiti tungeifungia kabatini.

Ijumaa asubuhi Elieth alikwenda shule kusimamia mtihani, mimi nikaenda mtoni. Ndege tuliiacha mezani, mlango tumeurudishia tu. Nani ataiba ndege ya karatasi? Nikarudi na ndoo kichwani, nikamkuta Heche anatoka ndani, anafuta mikono kwenye suruali. Amenyoa ndevu. Ana uso wa mtu aliyekuja kupatana.

"Shemeji, nilikuja kuomba yaishe," akasema. "Nikakuta mmeimaliza. Kazi nzuri. Ila lile bawa la kushoto lilikuwa halilii."

Ndoo ilinilemea ghafla. "Umefanya nini, Heche?"

"Nimelisaidia. Nimelifungua, nikalipaka gundi ile nyeupe kidogo upande wa juu, nikalitoa juani. La kulia linasema ting, la kushoto linasema buf. Huwezi kumpeleka mtoto mbele ya watu na kitu kinachosema buf."

"Heche, bawa siyo litungu! Halitakiwi kulia!"

"Sasa utajuaje kama limekaza?"

Nikaingia ndani mbio. Alikuwa amelirudisha mezani vizuri, amelipanga kabisa, na ncha imenyanyuka inatazama paa. Nikalilowesha, nikaweka matofali, nikapepea kwa kifuniko cha sufuria. Wapi! Gundi ilishashika. Elieth alipokuja kuichukua hapakuwa na muda wa kubandua wala wa kukausha. Aliliinua, akafumba jicho moja. Hakumwambia Heche neno hata moja, na Heche aliyekuwa amesimama mlangoni angependa zaidi atukanwe.

Tukaenda. Uwanja ulijaa, wazazi wamekaa kwenye madawati na kwenye majani. Mzee Wangwe akaongea habari za chakula cha shule, habari za choo, mwisho akasema, "Mwalimu, ile ahadi yako."

Elieth akasimama na wasichana wake nyuma yake. Msichana aitwaye Robi akazungusha pangaboi mpaka mpira ukawa vifundo. Akaachia.

Ndege ikaondoka. Nasema ikaondoka! Watu wakafanya "eeeh". Halafu ikaanza kulalia ubavu, ikageuka, ikageuka zaidi, ikarudi ilikotoka kama mbuzi aliyesahau kitu, ikajikita chini kwa pua mbele ya meza ya mwenyekiti.

Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mwalimu, hii ndege au ni kwale?" mmoja akapaza sauti.

"Ndiyo maana mwanangu anachelewa kuchota maji?" Huyo alikuwa mama yake Robi.

Elieth alisimama macho yamejaa machozi. Robi ndiye aliyekwenda kuiokota. Akaliinua bawa usawa wa jicho, akafumba jicho moja, kama alivyofundishwa. "Mwalimu, la kushoto limepinda. Ndiyo maana inageuka."

"Limepinda wapi?" akauliza Wangwe. Robi akampelekea. Mzee akafumba jicho moja na yeye. "Mbona mimi naona liko sawa?"

"Umefumba jicho zima, mzee, ukaacha bovu," mtu akasema, na wakacheka tena. Lakini sasa walikuwa wamesimama. Fundi wa kuezeka akalitaka alione, akasema linafanana na bati lililopigwa misumari upande mmoja. Mwingine akasema kosa ni la mkia. Msichana mmoja akambishia, akamweleza huku anamwonyesha kwa kiganja chake jinsi upepo unavyolisukuma bawa lililoinama, na yule baba akainamisha kiganja chake hivyo hivyo kumfuatisha. Heche akajipenyeza katikati.

"Nimelipinda mimi," akasema kwa sauti. "Nililiwamba upande mmoja."

"Wewe Heche? Na litungu langu ulilonitengenezea je, umelipinda pia?" mzazi mmoja akauliza.

Kelele zikawa nyingi. Mwenyekiti akagonga meza. "Wazazi! Ahadi ilikuwa iruke. Imeruka au haijaruka?"

"Imeruka!" wengine wakasema.

"Imeanguka!" wengine wakasema.

"Basi siwezi kuamua," Wangwe akasema, amekereka kabisa, kwa sababu alitaka kwenda kwenye ng'ombe wake. "Jumatano wabaki wainyooshe. Ijumaa ijayo tuonane hapa tena. Ikirudi kunigonga meza, nafunga habari hii."

Ilikuwa Jumatano moja tu. Elieth aliipokea kama mtu aliyeomba mkate akapewa kipande, uso haujachangamka. "Ilikuwa imenyooka, bibi," akaninong'oneza. "Jana ilikuwa imenyooka."

"Najua, mwanangu. Niliiona."

Nilitaka kwenda nyumbani. Mguu uliniuma na sikuwa nimekula tangu asubuhi. Lakini wasichana walikuwa wameshakaa kwenye majani, wanalowesha lile bawa kwa maji ya chupa, wanaibandua karatasi ya Heche, wanagombana nani ashike wapi. Mama yake Robi aliita, "Twende, maji!" Robi akaitika "nakuja" bila kuinua kichwa. Mama akamwita tena. Halafu akaona mkia wa ndege unaburuzwa kwenye vumbi, akachuchumaa, akaunyanyua.

"Fanyeni haraka basi," akasema. "Na wewe Heche, kaa mbali huko."