Injini Mpya ya Roy

Kwenye kadi ya gari lile liliandikwa jina moja tu, la Roy Measures, na gereji lilimolala ilikuwa ya Roy. Lakini hapakuwa na mtu katika mji wa Hinckley, Uingereza, miongoni mwa wale wanaojiundia magari nyumbani, ambaye hakujua kwamba limeundwa na watu wawili. Lilikuja vipande vipande ndani ya maboksi: bodi ya njano, viti viwili, usukani, mfuko wa nati. Fremu waliichomelea wenyewe, Roy na rafiki yake Keith Orton, kila majira ya baridi, mlango wa gereji umeteremshwa na hita ya gesi ikivuma miguuni mwao. Roy ndiye aliyekuwa na mkono wa kuchomelea. Keith ndiye aliyekuwa na injini. Aliitoa kwenye gari kuukuu la saluni lililokuwa likiozea nyuma ya zizi la mkulima mmoja, akaifungua yote juu ya meza ya jikoni kwake, na mkewe Denise akawa anakula chakula chake sebuleni mpaka majira ya baridi yalipoisha. Siku ilipowaka kwa mara ya kwanza, Roy alimpiga Keith kofi la mgongoni, akaenda kuchemsha chai. Kwa watu wa kwao hiyo ilikuwa sifa kubwa.

Halafu Emrys akahamia nyumba ya mkabala.

Emrys alikuwa mtu wa Wales, mnene, mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu. Maisha yake yote alikuwa akifunga injini za magari ya mashindano, na sasa alikuwa amestaafu, mjane, hana la kufanya. Jumapili moja alivuka barabara na kikombe chake cha chai mkononi, akasimama mlangoni mwa gereji kusikiliza gari likiunguruma. Aliinamisha kichwa kama daktari.

"Gari zuri kweli," akasema. "Lakini humo ndani mmeweka cherehani ya mama yangu."

Roy alicheka mpaka akafuta machozi. Keith naye alitabasamu, akangoja Roy amalize kucheka ili aseme neno, hata la mzaha, la kuitetea injini ile. Badala yake Roy alimuuliza yule mgeni kama ataongeza chai, na kama anatia sukari.

Haukupita muda, kila sentensi ya Roy ikawa inaanza na "Emrys anasema". Emrys anasema breki za gari zitatosha hata kwa injini yenye nguvu zaidi. Emrys anasema kuna gari la saluni limegongwa ubavuni, injini yake nzima, tena ina turbo ya kuiongezea nguvu. Keith alieleza kwa nini hilo halifai: gari ni jepesi mno, rejeta ya kupoza injini ni ndogo, giaboksi haitastahimili, na nafasi chini ya boneti ni finyu, hiyo turbo itawaka kama jiko la makaa katikati ya mipira na nyaya. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini hata yeye mwenyewe, alipokuwa akiyasema, alisikia sauti yake imepanda juu kuliko inavyotakiwa kwa habari za rejeta.

Jumanne, siku yao ya kawaida, alifika akakuta injini yake imeshatolewa. Imewekwa sakafuni juu ya zulia bovu, ikivuja mafuta kidogo.

"Jana tulipata nafasi," Roy akasema bila kugeuka. "Tukaona tusikusumbue." Kisha, kama mtu aliyekumbuka adabu: "Ukiitaka, ichukue."

Keith hakuichukua. Na hakuacha kwenda, maana kuacha kwenda kungekuwa sawa na kukiri kwamba ameumia. Alienda kila Jumanne akakaa juu ya kreti ya maziwa, kwa sababu stuli aliyoizoea ilikuwa imekaliwa na Emrys. Alishika tochi alipoombwa. Alipitisha spana. Aliwatazama wale wawili wameinama bega kwa bega juu ya ile injini mpya, na turbo yenyewe imejikunja ubavuni kama konokono wa chuma, akahisi kitu kikimbana chini ya mbavu, kitu ambacho tangu ujanani hakuwahi kukihisi, na hata wakati ule ilikuwa kwa ajili ya msichana.

Denise alimsoma siku nyingi. Wakila chakula cha jioni alimwambia, bila ukali, kwamba ana wivu. Keith akajibu kwamba viazi havijaiva.

"Viazi vimeiva, Keith. Mwambie tu Roy umeumia."

"Mwanamume hamwambii mwenzake maneno kama hayo."

"Basi endelea kununa," Denise akasema, akamwongezea viazi.

Jioni moja Roy na Emrys waliingia ndani kula keki aliyooka mke wa Roy. Keith alibaki gereji. Aliinama na tochi, si kwa nia yoyote, mazoea tu ya mikono, na palepale akauona. Mpira wa kupeleka petroli kwenye injini ulikuwa umepitishwa nyuma ya turbo, karibu kiasi kwamba kidole hakingepenya katikati, na hapakuwekwa hata bati la kuukinga na joto. Gari likikimbizwa kwa nguvu mpira ule ungelainika, na ukishalainika ungepasuka.

Roy alirudi, akamkuta ameinama vilevile.

"Unaonaje?"

Ilikuwa nafasi yake. Miaka ya nyuma wasingehitaji hata neno; angenyoosha kidole tu.

"Safi," Keith akasema, akazima tochi. "Mmefanya kazi nzuri."

Njiani kurudi nyumbani alijipangia hoja. Emrys ni fundi wa mashindano, ataliona kosa mwenyewe. Na asipoliona, gari litazimika barabarani kwa aibu kidogo, Emrys atakuna kichwa, na Roy atamtafuta anayemjua. Aliiona picha hiyo vizuri sana, Roy akibisha mlangoni kwake. Moto hakuuona humo, au kila ulipotaka kuingia aliusukuma nje.

Lakini asubuhi ya siku ya majaribio, yaliyopangwa kufanyika katika uwanja wa ndege wa zamani ambako klabu yao hukodi lami ili watu wakimbize magari, Keith aliung'oa mtungi wa kuzimia moto ukutani jikoni, akauweka kwenye kiti cha mbele cha gari lake. Alimwambia Denise ni kanuni za klabu.

Huko uwanjani Roy alizunguka kwanza polepole, halafu akakanyaga mafuta. Gari likatoa mluzi, likaruka kama kitu kilichofyatuliwa, na watu walioshika sandwichi zao wakaacha kutafuna. Lilikuwa zuri. Keith hakuweza kujidanganya, lilikuwa zuri kuliko lilivyopata kuwa mikononi mwake, na alipomwona Emrys amekunja ngumi mbili hewani, uso umejaa furaha, alimchukia kwa moyo wake wote. Chuki ile bado ilikuwa ya moto ndani yake alipoona moshi mwembamba ukitoka chini ya boneti.

Alikuwa anakimbia, mtungi mkononi, kabla mtu mwingine hajaelewa. Gari lilisimama kando ya lami, miali ya moto imeshatoka, Roy anahangaika na mkanda. Keith alimwaga unga wa mtungi juu ya injini, akaukata mkanda kwa kisu cha mfukoni, akamvuta mwenzake majanini. Mkono wa kulia wa Roy ulikuwa umeungua mpaka kifundoni.

Watu walimzunguka wakimsifu. Emrys alifika akihema, akamshika Keith mikono yote miwili, analia waziwazi. Alisema mpira ule aliupitisha yeye, kosa ni lake peke yake, na kama si Keith, asingejua angemtazamaje mke wa Roy. Keith alimwambia basi, basi. Alitafuta ile chuki akashindwa kuipata.

Kwenye hema la huduma ya kwanza Roy alikuwa amekaa, mkono umefungwa bandeji. Alingoja muuguzi atoke.

"Siku ile ya keki," akasema. "Ulikuwa unamulika palepale."

Keith aliitazama ile bandeji.

"Nilijisemea, Keith ameshaangalia. Kungekuwa na tatizo angesema. Nikalala usingizi wangu."

"Niliuona," Keith akasema.

"Kwa nini hukusema, sasa?"

"Ulikuwa na Emrys."

Roy hakupaza sauti. Alisema kwamba umri wote huo, hakujua anafanya kazi na mtoto. Kisha akamwomba atoke.

Majira ya baridi yalipita bila Jumanne. Keith aliandika barua mbili akazichana, na ya tatu, fupi, akaipeleka mwenyewe na kuitumbukiza kwenye tundu la barua la mlango wa Roy. Haikujibiwa. Roy hakumweleza mtu kilichotokea, hata Emrys. Hilo Keith alilijua siku Emrys alipobisha mlangoni kwake, amevua kofia. Gari limekuwa tayari tena, alisema, lakini Roy amegoma liwashwe.

"Anasema wewe uangalie kwanza. Kila mpira. Na anasema usiseme 'safi'. Sijui ana maana gani."

Keith alichukua koti. Gereji ilikuwa na baridi, na Roy alimsalimu kwa kichwa tu, mkono wake una kovu jekundu linalong'aa. Keith alikagua kwa muda mrefu, mpaka mgongo ukamuuma. Alikuta kibanio kimoja kimelegea na waya unaogusa chuma, akasema vyote kwa sauti. Emrys alikaza, akashukuru.

Nyuma yake wale wawili wakanong'ona kitu, wakacheka. Keith akahisi kile kitu cha chini ya mbavu kimeamka tena. Alinyooka.

"Mnacheka nini?" akauliza.

Wakamwambia. Ilikuwa habari ya paka wa Emrys, wala haikuchekesha sana.