Moshi wa Godhana

Siku waliyomtoa mumewe ndani ya tanuri, Asenath aliombwa vitu viwili: sanda na daftari. Sanda aliitoa sandukuni. Daftari nalo alilitoa, kwa sababu Godhana ndiye aliyekuwa karani wa Chama cha Wachoma Makaa wa Tana. Jioni hiyohiyo wakamrudishia.

"Basi shika wewe, shemeji," Ngala alimwambia, macho yake yakiwa chini. "Sisi wengine tunaijua kalamu kwa kuiona tu."

Akalishika. Hakulia siku ile, wala arobaini, wala baadaye. Alipika, alipalilia mpunga, aliitikia salamu. Wanawake wa Idsowe walinong'ona kwamba kilio kimemgeukia ndani, kitamwua. Hakikumwua. Kila mkutano alifungua daftari, akasoma jina la kwanza, "Godhana," akangoja kidogo, kisha akaenda la pili. Hakuna aliyethubutu kumkanya.

Jina hilo lilikuwa peke yake kwenye ukurasa wa mbele. Godhana aliliandika mwenyewe, kubwa kama la mwenye duka, na herufi ya mwisho ilikuwa na mkia uliokwenda hadi ukingoni.

Shida ya chama ilikuwa hii. Serikali, ambayo mwaka wa vita ilitukatisha kuni za mashua zake bila kuuliza mti ni wa nani, mwaka wa hamsini na saba iligundua kwamba miti yote ni yake. Ikatangaza: chama kikiandikishwa, kitapewa kibali kimoja kwa wote, kisipoandikishwa, kila mwenye gunia la makaa ni mwizi. Na ili kiandikishwe, wanachama wasiopungua thelathini waje Garsen kwa miguu yao, siku moja, watie dole gumba mbele ya Bwana Misitu.

Mara ya kwanza walikuja kumi na wawili. Mara ya pili, tisa.

"Mama," mkalimani wa Bwana Misitu alimwuliza Asenath, "hiki ni chama au ni foleni ya kinyozi?"

Wangekujaje? Tanuri likishawashwa ni kama mzazi aliyeshikwa na uchungu, huliachi. Siku saba unalizunguka na koleo, ukiziba kila ufa wa udongo, maana hewa ikipenya utafukua majivu. Na hakuna siku ambayo mto mzima haukuwa na mtu mwenye tanuri linalowaka. Godhana alikuwa ameleta dawa yake: jirani amlindie jirani. Safari ile ya kwanza ya Garsen yeye mwenyewe akabaki kulinda la Ngala. Ngala aliporudi kutoka Garsen, wino bado uko kidoleni, alikuta koleo limesimama peke yake juu ya udongo, na kando yake shimo linatoa moshi.

Tangu hapo hakuna aliyemlindia mwenzake.

Sasa Bwana Misitu alikuwa ametoa siku ya tatu na ya mwisho, Alhamisi moja ya mwezi uliofuata. Asenath akapanda mtumbwi hadi Kau, akamkuta mama Kadzo, mchomaji mkongwe kuliko wote, anapanga magogo.

"Nikija Garsen, nani atanilindia?" Kadzo aliuliza. "Wewe?"

"Hapana."

"Unaona? Tanuri halina baba wa kambo, mwanangu. Aliyejaribu ulimzika."

Mkwe wa Kadzo, aliyekuwa akimsogezea magogo, alishtuka, akamvuta bibi huyo kanga. Asenath alivitazama vidole vya yule bibi, vyeusi hadi kwenye kucha, akangoja uchungu uje. Haukuja. Kilichokuja ni hesabu.

"Na kama siku hiyo hakuna tanuri linalowaka?" akasema. "Tuwashe sote Jumatano moja. Tufukue sote Jumatano ya pili. Alhamisi hakuna cha kulinda."

Kadzo alicheka hadi akakaa juu ya gogo. "Karani! Mume na mke hawapatani saa ya kuzima koroboi, wewe utauwashia mto mzima kwa siku moja?"

"Ndiyo."

Wiki tatu alizunguka. Wapokomo aliwapata kanisani, Wagiriama aliwapata mashambani. Abdullahi, Msomali aliyetoka Madogo na punda zake akaja kuchoma makaa huku chini, alimkatalia mara mbili.

"Alhamisi kuna mnada wa ng'ombe, walaal, dada yangu."

"Ng'ombe hawatii dole gumba."

Watu wakaangua kicheko, Abdullahi mwenyewe akiwa wa kwanza. Asenath peke yake hakucheka. Akaandika: atakuja.

Jumatano ikafika, haina upepo. Kufikia saa nne moshi ulikuwa umesimama, mmoja kule Kau, mmoja huku, mwingine nyuma yake, mto wote, mweupe, umenyooka kama nguzo za nyumba ambayo bado haijaezekwa. Ngala alikuja mbio, amejaa udongo.

"Shemeji, tazama! Kumbe tuko wengi namna hii?"

Hakuna aliyekuwa anajua. Kila mtu siku zote alichoma kwa wakati wake, na moshi wa leo haukuujua wa jana. Asenath akahesabu, akaandika thelathini na nane. Hakuona ubaya wowote. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake, na ni kosa la karani hodari.

Alhamisi ya pili walivuka kivuko cha Garsen wote, wameoga, wengine wamevaa mashati ya Krismasi. Mtu thelathini na nane. Asenath alisoma majina, kila jina likaitikiwa, isipokuwa la kwanza.

Bwana Misitu alishuka garini. Kisanduku cha wino hakukifungua.

"Bwana anasema," mkalimani alianza, "Jumatano ile alikuwa njiani, akaona moshi, akadhani ni vita. Akasimamisha gari akahesabu. Thelathini na nane. Anasema aliambiwa ninyi ni maskini wachache."

"Umaskini ni wetu," Ngala akasema. "Uchache tulisemewa."

Mkalimani hakulitafsiri. "Anasema miti haitoshi watu wote hawa. Msitu umefungwa. Chama hakuna. Na anataka daftari, ajue kila moshi ni wa nani, kila mmoja ashtakiwe kwa wake."

Hapo ndipo watu walipotazamana. Majina yao yote yalikuwa humo, kwa mwandiko safi, pamoja na vijiji vyao. Asenath ndiye aliyewabembeleza wayatoe.

Akachana ukurasa wa mbele, ule wenye jina la Godhana peke yake. Daftari lililobaki akalipitisha nyuma ya mgongo wake, mkono mmoja ukalipokea, na mwingine, likaishia chini ya makalio ya mama Kadzo. Karatasi akampa Bwana Misitu.

"Daftari liko wapi?" mkalimani akauliza.

"Ndilo hilo."

"Karatasi moja?"

"Chama ni maskini."

"Na matanuri?"

"Yote ni ya huyu."

Bwana Misitu alisogea hadi kwa Ngala, akamwuliza kwa Kiswahili chake mwenyewe, "Tanuri yako wapi?"

Ngala hakuwa amelitaja jina lile tangu mazishi. "Sina. Lile ni la Godhana."

"La Godhana," akasema Kadzo, bila kuinuka.

"La Godhana, wallahi," akasema Abdullahi.

Likazunguka hivyo hadi mtu wa mwisho. Bwana Misitu akaandika: Godhana akamatwe popote alipo.

Msitu ulibaki umefungwa, tusidanganyane. Asenath alipanga zamu upya: tanuri moja tu liwake kwa wakati mmoja, leo Idsowe, wiki ijayo Kau. Zamu ya mtu ilirudi baada ya wiki thelathini na saba, na hapo katikati watu walikula walichopata. Abdullahi aliuza punda wawili akarudi Madogo. Kadzo alisuka mikeka. Lakini kila wiki moshi mmoja ulisimama mahali papya, na ofisini wakasema, yule Godhana bado yuko porini.

Mwezi wa nne, mawingu yakiwa yameanza kujikusanya, askari alifika kwa Asenath na hati.

"Mumeo yuko wapi?"

Akamwonyesha kaburi. Askari akalitazama, akaitazama hati, akavua kofia.

"Mama, utanitia matatani. Jina lake tunalo ofisini, kwa mwandiko wake mwenyewe. Nitawaambia nini?"

Asenath alikuwa anapepeta mpunga. Ungo ukasimama.

"Ile karatasi," akauliza, "wameiweka mahali pakavu?"