Wimbo Uliokataa Kulala

"Wimbo wako tumeupenda mno, mama," alisema mwenyekiti wa kamati, akalaza viganja vyote viwili mezani kama mtu anayeizuia meza isitoroke. "Tatizo ni hilo neno."

"Neno lipi?"

"Hilo la kwenye kiitikio."

Kipaza alilijua, asilijue vipi? Kiitikio cha wimbo wake kilikuwa neno moja tu, ng'o, na jina la wimbo lilikuwa hilo hilo. Aliuliza makusudi, ili amsikie mwenyekiti akilitamka. Mwenyekiti akaliruka kama anayeruka dimbwi.

Walikuwa katika chumba cha mikutano cha kituo cha televisheni, chenye viti vya magurudumu na kiyoyozi kilichokuwa kikidondosha maji kwenye ndoo. Mwenyekiti na majaji wenzake walikuwa wamepewa kazi ya kuteua wimbo utakaoiwakilisha nchi kwenye mashindano ya nyimbo ya mataifa. Waimbaji walikuwa wamechujwa na kuchujwa tena hadi zikabaki nyimbo saba. Fainali ilikuwa Jumamosi, mbele ya kamera, na alama za majaji zingejumlishwa na kura za simu. Waimbaji wote walimwita mwenyekiti Bwana Kimataifa, maana sentensi bila neno hilo ilimkwama kooni.

"Tunahitaji kitu cha kimataifa," aliendelea. "Mwaka jana tulishika mkia. Unajua kwa nini? Hakuna aliyeweza kuuimba wimbo wetu akiwa anatoka ukumbini. Mimi nilikuwepo, mama. Nilikaa pale na bendera ndogo mkononi, sina pa kuiweka. Sasa wewe unanipa neno ambalo mgeni hata mdomo hajui aufungue wapi. Weka la-la-la. Dunia nzima inaimba la-la-la."

"Lala?"

"La. La. La."

"Mwanangu, wimbo wenyewe unasema, wakiniambia nihame, ng'o. Wakiniambia ninyamaze, ng'o. Sasa niseme wakiniambia nihame, nalala?"

Jaji mmoja aligeuka haraka kuangalia ndoo ya kiyoyozi. Mabega yalikuwa yanamtikisika.

"Fikiria, mama," alisema Bwana Kimataifa. "Ukikubali, majaji wote wako nawe. Ukikataa..." Akanyanyua viganja, na meza haikutoroka.

Kipaza alikuwa dobi. Hilo jina la Kipaza alipewa na wateja, kwa vile akiwa nyuma ya duka anaulizia vifungo vya shati, mtu wa ng'ambo ya barabara hujikagua. Duka aliliendesha pamoja na wifi yake, dada wa mumewe, na wimbo ulizaliwa humo humo, kwenye kukamua mablanketi. Blanketi likilowa halikamuliwi na mtu mmoja. Mmoja hushika ncha hii, mwenzake ile, huyu anasokota kulia, yule kushoto, halafu wanasubiriana ili wavute pamoja. Huo mvuto ndio uliozaa neno. Kipaza alikuwa akilalamika kuhusu bwana wa manispaa aliyetaka wahamishe kamba zao za kuanikia, eti zinaharibu sura ya mtaa. Kila alipofika kwenye mvuto alisema ng'o, na maji yakamwagika. Wifi akaitikia. Kufika blanketi la mwisho walikuwa na beti nne, na bwana wa manispaa alikuwa na jina la utani ambalo hata mkewe alilitumia.

Mambo ya mashindano aliyaleta wifi. Alisikia redioni wanatafuta wimbo wa taifa, akaja mbio akisema wimbo wa taifa unabadilishwa na wao tayari wanao wa kwao. Mpaka anaeleweshwa kwamba ni wimbo wa mashindano tu, wala si ule wa kusimamia wima, alikuwa tayari ameshawaandikisha.

"Kasemaje?" wifi aliuliza Kipaza alipoingia dukani. Alikuwa ameketi juu ya furushi la mashuka, anakata kucha.

"Anataka tuitoe ng'o."

"Tuitoe, tuweke nini?"

"La-la-la."

Wifi alicheka mpaka akaangusha wembe. "Wimbo wa kugoma uwe wa kubembelezea watoto! Haya, tuujaribu." Wakachukua blanketi la hoteli lililokuwa linachuruzika kwenye beseni, wakalisokota. Wakaimba la-la-la. La kwanza lilimkuta wifi amevuta, Kipaza hajavuta. La pili likamkuta Kipaza. La tatu blanketi likawaponyoka wote wawili, likamwagia maji mashati ya mteja yaliyokwisha pigwa pasi.

"Unaona?" alisema Kipaza. "Hata blanketi halitaki."

Lakini wifi alikuwa ameacha kucheka. Alijifuta mikono taratibu kwenye gauni lake.

"Sikiliza, wifi. Blanketi halisafiri. Mimi nataka kusafiri. Tangu naolewa hadi naachwa, safari yangu ndefu ni kituo cha afya. Nipande ndege hata mara moja, niletewe chai kwenye kile kimeza cha kukunja. Hao wa huko watajua tulichotoa ni nini? Sisi tutaimba la-la, moyoni tunasema ng'o."

"Ng'o ya moyoni haikamui kitu."

"Jeuri yako itatuponza wote wawili."

Hilo ndilo lililomkata maini. Angekuwa peke yake, Bwana Kimataifa angejibiwa pale pale na kuzimiwa kiyoyozi. Ila wifi alikuwa amemsimamia katika kila kitu, hata siku zile kaka yake mwenyewe alipokuwa na makosa. Kipaza akajikaza kisabuni. Alhamisi, kwenye mazoezi, aliimba la-la-la yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bwana Kimataifa alipiga makofi akiwa amesimama. Walirekodi kiitikio hicho kwa sauti za wasichana wa kukodi, wakamvisha Kipaza joho la kitambaa kinachong'aa, refu nyuma hadi likawa linazoa vumbi la jukwaa, wakamwambia sasa amekuwa wa kimataifa.

Ijumaa mama yake alimpigia simu. Alikuwa amesikia kionjo redioni.

"Ule wimbo ulikuwa na jino," alisema mama. "Nani kaling'oa?"

"Mimi mwenyewe, mama."

"Haa. Kumbe umezeeka kabla yangu." Akakata simu.

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Wifi, ndani ya gauni la kijani alilolishona mwenyewe likambana pumzi, alikuwa akiramba midomo. Aliwatangulia kijana mmoja wa miwani ya jua, aliyeimba wimbo wenye maneno ya lugha tano bila kusema lolote katika hata moja. Majaji walitikisa vichwa kwa raha. Kisha mtangazaji akaangalia kadi yake. Waliochapa kadi hawakuweka kile kikoma cha juu, na kwenye skrini kubwa nako hakikuwekwa. Yalikuwa maandishi makubwa ya dhahabu: NGO.

"Na sasa, mabibi na mabwana, wimbo unaoitwa... Ngo!"

"Karibu!" akajibu mtu wa viti vya nyuma.

"Ngo?" mtangazaji akarudia, akidhani hajasikika.

"Pita, mlango uko wazi!"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Kipaza alisimama katikati ya kicheko hicho na joho lake. Hakuwaonea haya. Alichoona ni kwamba wamecheka kwa sababu neno wanalijua, wanalijua tangu wakiwa watoto wanaokataa kuoga, na hapa limeletwa kwao likiwa limevuliwa nguo. Kanda ikaanza. La-la-la, waliimba wasichana wa kukodi.

Kipaza akainua mkono. "Zima hiyo."

Fundi mitambo, kwenye kibanda chake cha kioo, alimtazama Bwana Kimataifa. Bwana Kimataifa, kiti cha mbele, alitikisa kichwa: usizime. Macho yalikuwa yamemtoka pima.

"Baba, nimesema zima!" Kipaza aliita bila kukisogelea kipaza sauti, na fundi akazima, pengine kwa kushtuka tu.

Kamera zilikuwa hewani. Kipaza alimgeukia wifi yake. "Nisamehe ndege yako," alimwambia.

Wifi alimtazama. Kisha akavuta kamasi, akasema, "Toa hilo dubwana mabegani, litakuangusha."

Kipaza akafungua vifungo vya joho, akashika ncha moja, wifi akashika nyingine. Wakalisokota, huyu kulia, yule kushoto, wakalivuta.

*Wakisema hama,*
"Ng'o!"
*Wakisema nyamaza,*
"Ng'o!"
*Wakisema funga kamba zako, mji unatazamwa,*
"Ng'o, ng'o, ng'o!"

Ubeti wa kwanza aliitikia wifi peke yake. Wa pili waliitikia wa nyuma. Wa tatu hata wauza maji waliweka ndoo zao chini. Joho lilipasuka katikati kwenye ubeti wa nne, na gauni la kijani likalifuata, likapasuka kwapani, lakini hapo hakuna aliyejali.

Majaji walinyanyua vibao vyao. Sifuri, sifuri, moja, sifuri, sifuri. Yule wa moja alikuwa ndiye mtazama ndoo.

Zikabaki kura za simu. Mtazamaji aliambiwa atume jina la wimbo kama lilivyo kwenye skrini. Watu hawakutuma la kwenye skrini, walituma la kwenye vinywa vyao, na kikoma chake cha juu. Mtambo haukukijua kikoma hicho, ukazitema kura zote. Waliotii na kutuma NGO walikuwa wachache, na baadhi yao walidhani ni shirika la misaada, wakauliza semina itafanyika lini na kama kuna posho.

Bwana Kimataifa alipanda jukwaani kutangaza. Alisema kura nyingi mno zimeharibika kwa kuandikwa kinyume na maelekezo, hivyo kamati inasikitika kuziondoa, na mshindi ni kijana wa miwani. Ukumbi ukapiga kelele hadi taa zikatikisika. Watu wakaanza kusimama juu ya viti. Akaona mambo yanakwenda mrama, akamwendea Kipaza na kipaza sauti, akitabasamu meno yote.

"Mama huyu ni muungwana. Atawaambia mwenyewe kwamba anakubali uamuzi wa kamati. Sivyo, mama?"

Kipaza akapokea kipaza sauti. "Nitasema, mwanangu. Ila kwanza utaje jina la wimbo wangu. Tangu tujuane hujalitaja."

"Ngo."

"Karibu!" ukumbi mzima.

"Hapana. Yule mnyama wa maziwa anaitwaje?"

"Ng'ombe," alisema Bwana Kimataifa, jasho linamtoka.

"Ahaa, kumbe unaweza! Sasa mwache huyo mnyama, mkate nusu ya nyuma. Toa mbe."

Alisita. Akavuta pumzi. "Ng'o," alisema, polepole.

Makofi yakalipuka. Watu waliokuwa juu ya viti waliruka. Bwana Kimataifa hakuwahi kupigiwa makofi namna ile maishani mwake, na uso ukamchangamka kama mtoto aliyeweza kufunga kamba za viatu.

"Hongera!" alisema Kipaza. "Kwa nguvu, sasa. Wa nyuma hawajasikia."

"Ng'o!"

"Mara ya mwisho, kutoka kifuani. Mwenyekiti, kura za watu hawa mtazitupa?"

"NG'O!" alipiga ukelele Bwana Kimataifa, mkono juu.

Mdomo ulitangulia, masikio yakafuata nyuma. Alipong'amua alichosema, mkono ulikuwa bado juu na kamera ilikuwa puani mwake. Mtangazaji, ambaye naye alikuwa na mama yake mwenyewe nyumbani anayetazama, hakumpa nafasi ya kumeza mate. "Mmemsikia! Mwenyekiti amesema hazitupwi! Fundi, zihesabiwe!"

Bwana Kimataifa alifungua kinywa kukanusha. Akautazama ukumbi. Akakifunga.

Kura zikahesabiwa, zile zenye kikoma na zisizo nacho. Hata sifuri za majaji hazikuweza kuzipunguza, Kipaza akawa mshindi. Wifi alikaa chini jukwaani pale pale, akashika tama, akawa anauliza kila aliyepita kama kweli kwenye ndege chai ni bure.

"Mama," Bwana Kimataifa alimnong'oneza Kipaza pembeni, "tutashika mkia tena huko."

"Basi tuushike kwa sauti yetu. Wewe njoo na bendera yako, nitakuonyesha pa kuiweka."

Desturi ilikuwa mshindi aimbe tena, majaji wakiwa wamesimama kwa heshima. Wakasimama. Kipaza aliimba akiwatazama wao, mmoja mmoja, na kila alipofika kwenye kiitikio alimnyooshea mmoja kidole cha kumkaribisha. Yule wa ndoo aliitikia kwa raha. Wa pili akaitikia kwa kukunja uso. Wa tatu, mwanamama mwenye shahada za muziki na shingo ndefu, aliamua kubana midomo na kutazama dari.

Kipaza akasimamisha wimbo. Hakugomba, hakucheka. Aliweka mkono kiunoni, kamera zikiwa hewani na nchi nzima ikitazama, akamsubiri.