Vibati Vilivyolazwa

...pumba nitawamwagia kuku, maji bado hayajachemka, nachekecha unga, na jirani Sesilia kasimama uani, anasema leo katoka Geita, kwa mke mdogo wa Valerian kibanda cha karasha, cha kusagia mawe ya dhahabu, kimeshaezekwa, bati mpya, "kimebaki mota tu, Mama Mbuke," kisha akaaga harakaharaka... mota tu, na mota yangu hii hapa nyuma ya mlango wa jiko, tangu mume wangu Valerian aliposema imeungua, koili zote zimekwisha, kesho anakuja mtu wa vyuma chakavu, na mimi nikasema haya, karasha iliyosomesha watoto hawa nikaiachia kwa haya moja... lakini mbona haikunuka, mota iliyoungua inanuka hadi kwa jirani, hii ilivuma tu, ikashindwa kuzungusha mawe, ngoja nifungue kifuniko, skrubu laini, zimefunguliwa juzijuzi, na mita ya zamani aliyoniachia Fredy fundi ipo kabatini, siku anaisuka mota hii koili mpya nilimshikia tochi, akanionyesha vibati vitatu vya shaba, visimame wima, kila kimoja peke yake, ndipo inapata nguvu ya kusaga, vikilazwa inavuma tu, sasa mbona vimelazwa vyote safu ya juu... Mbuke anauliza maji yanachemka, nitie unga, nasema tia, navitoa vibati, ncha ya mita chini kushoto, juu yake kimya, juu katikati inalia, chini katikati inalia na juu kulia, chini kulia na juu kushoto, jozi tatu, namba zinalingana, nagusa mwili wa mota, kimya, hakuna inapovuja, koili zote nzima, haijaungua hata uzi mmoja... kwa hiyo Valerian aliinama hapahapa, mimi nikiwa kanisani labda, akavilaza, akanawa mikono, akaja kuniambia pole, mke wangu, alinishika hata bega, angeiomba aipeleke Geita ningekataa, tungegombana, ugomvi naujua, ila ile pole, ile pole nililala nayo nikamwonea huruma yeye... navisimamisha wima, nakaza nati, nafunika, nanawa, ugali umeiva, Mbuke kausonga vizuri, dagaa wanatosha, Luka sogea, Lusia kaa vizuri, na Valerian anaingia, anavua viatu, anatazama nyuma ya mlango kwanza, ndipo anatutazama sisi, namshikia maji anawe, "wabeja, Mama Mbuke," anashukuru kwa Kisukuma kama afanyavyo akiwa na furaha, anauliza yule mtu wa vyuma kapiga simu.

"Asije," nasema. "Kesho nasaga."

Tonge limesimama mkononi mwake, haulizi nasaga kwa mota gani, angekuwa hajui angeuliza, watoto wanakula, namsogezea bakuli la dagaa kama kila siku, nawahesabu kama kila siku, Mbuke, Luka, Lusia, na yeye, wote wapo.